Safari ya Kwenda Kula Ugali Chini ya Matimba ya Mkwe Wangu

Nilifunga safari kwa sababu ya kijumba kimoja kitupu kwenye simu. Hapa Maganzo mmesema mengi: kwamba nimekwenda Geita kununua duara la kuchimba dhahabu, kwamba nimekwenda kwa mganga, kwamba nimeoa. Hapana. Nilikwenda kula ugali. Nimeandika haya kwa mkono wangu mwenyewe ili mkija kuniuliza, mje mkiwa mnajua.

Kwanza mnijue kwenye kazi, maana vijana wengi wananijua kwa kofia tu. Mimi Mzee Ngassa niliacha shule darasa la pili. Cheti sina hata kimoja. Cha ubatizo kililiwa na mchwa. Lakini kwa matimba, yale magogo na mbao tunazofunga ndani ya duara ili ardhi isimshukie mchimbaji, sijaona wa kunifundisha. Nyumba hii ya bati imetoka kwenye matimba, si kwenye almasi yenu. Nimefundisha mafundi kwenye maduara ya dhahabu kuanzia Kahama hadi Geita, na jaribio langu la mwisho ni moja. Mwanafunzi anafunga matimba yake, halafu mimi na yeye tunashuka, tunakaa chini ya kazi yake, tunakula ugali mpaka sahani iishe. Anayekula haraka haraka huku macho yameelekea juu, haziamini mbao zake. Huyo namrudisha mwanzo.

Sasa machimboni kumejaa vyeti vya uongo. Mhuri unachongwa asubuhi, mchana mtu ni fundi. Wasimamizi wamechoka, wakiona karatasi wanacheka, na wanafunzi wangu wa kweli wakawa wanarudishwa getini pamoja na matapeli. Ndipo mjukuu wangu Neema, mtoto wa binti yangu, anayeandika programu za kompyuta Shinyanga mjini, akaniambia, "Babu, nitakutengenezea hati za kwenye simu. Mtu akigusa hata herufi moja, inajulikana."

Alisema anatumia SDK. Nikamwambia aache herufi, aeleze. Akasema ni kama sanduku la fundi: zana za kuunda ufunguo wa siri, za kutia saini na za kuikagua, zimeshatengenezwa na mafundi wengine huko, yeye anazichukua na kuziunganisha kwa kazi yetu. Hapo nikaelewa. Mimi pia msumeno sikuutengeneza.

Akaniuliza hati iwe na vijumba gani vya kujaza. Jina, mahali, aina ya kazi. "Na cha ugali," nikasema. "Asiyekula na mimi chini ya matimba yake, sanduku lako limkatae." Akacheka mpaka akakaa chini, lakini akaandika: *Mwalimu na fundi wamekula pamoja chini ya kazi hii.* Bila tiki hapo, hati haitoki. Tukatoa hati za wanafunzi wangu, mmoja baada ya mwingine, nikikumbuka tulikula wapi na mboga ilikuwa nini.

Mpaka tukafika kwa Mama Minza.

Mama Minza ni mke wa mwanangu Shija. Nilimfundisha mwenyewe, na kati ya wote niliowafundisha yeye ndiye bora. Nasema hivyo na wanaume wasikie. Lakini ni mkwe wangu, na kwetu Wasukuma baba mkwe hali pamoja na mkwe wake wa kike. Mnajua wenyewe. Kule Kahama nilikomfundisha, mimi nikiwa chini nakula, yeye alikuwa juu kwenye winchi. Nikipanda, ndipo anashuka na sahani yake. Kwa hiyo chini ya matimba yake sikuwahi kula naye. Kijumba kikabaki kitupu, na sanduku likamkataa, kama nilivyoagiza.

Na wakati huohuo alikuwa anaihitaji ile hati kuliko mtu yeyote. Kikundi cha wachimbaji mbele ya Runzewe kilikuwa kimefungua duara jipya na kinatafuta fundi mkuu wa matimba. Mama Minza alishafunga sehemu ya majaribio, wakaipenda. Msimamizi akasema: hati ikaguliwe kabla ya Jumamosi, la sivyo anamchukua fundi mwingine. Shija akanipigia simu kutoka Ushetu anakolima tumbaku.

"Baba, weka tiki tu. Si unajua anaweza?"

"Kujua najua. Kula sijala."

"Tiki ni kugusa kidole tu, Baba."

"Kidole ni changu," nikasema, nikakata simu. Kesho yake nikachukua fimbo, nikaondoka.

Alhamisi asubuhi, Shinyanga mjini. Neema alinisubiri stendi na begi lake la kompyuta na chapati za njiani. Ananiita mchumba, mimi namwambia mahari yake imenishinda, ndiyo mazoea yetu. Lakini siku hiyo alikuwa na sura ya daktari.

"Babu, naweza kukiondoa kile kijumba. Ni mstari mmoja tu, nakifuta sasa hivi."

"Ukikifuta kwa ajili ya mkwe wangu, wale wengine walikula ugali wa nini?"

"Basi weka tiki. Sanduku halitajua."

"Si ulisema halidanganyiki?"

Akanieleza taratibu, na maneno hayo nimeyashika mpaka leo. Sanduku linajua nani kasema. Linajua kama maneno yake yameguswa baadaye. Kama alichosema ni kweli, halijui, wala halijidai kujua. Hilo ameachiwa mwenye ufunguo.

"Na ufunguo nani anao?" nikauliza.

"Wewe, Babu."

"Basi twende."

Mchana, Kahama. Tulishuka kwenye basi tukala wali, kisha tukapanda mchomoko, zile gari ndogo zinazochukua abiria wa njia hii. Dereva aliposikia nakwenda machimboni akaniangalia kwenye kioo.

"Mzee, umri huo bado unatafuta dhahabu?"

"Natafuta ugali."

"Kwenu haupo?"

"Upo. Wa kwetu hautoi hati."

Akaongeza sauti ya redio mpaka Masumbwe. Nadhani aliniona nimechanganyikiwa. Neema alijifunika khanga usoni, mabega yanatikisika.

Jioni, Ushirombo. Tulilala kwa wazazi wa Petro, yule msimamizi wa duara tuliloliendea. Ndivyo alivyopanga mwenyewe, maana alisema mgeni wa kazi halali gesti wakati mama yake yupo. Ni Wakatoliki wa kufunga mikono kweli. Mama yake alisali kabla ya chakula, akatuombea sisi, barabara, na duara la mwanawe, sala ndefu kiasi kwamba mlenda uliganda. Baadaye akaniuliza nimefuata nini, nikamwambia.

Akaacha kumenya karanga. "Sasa utakulaje na mkwe wako, Mzee? Hata sisi Wasumbwa hatufanyi hivyo."

"Sijui."

"Umetoka Maganzo mpaka hapa, hujui?"

"Njia nilikuwa naijua," nikamwambia.

Alicheka, lakini kitandani mimi sikucheka. Niliona mambo mawili, na yote mawili ni mzigo wangu. Nikila naye, nimevunja heshima ya nyumba yangu. Nisipokula, Mama Minza anakosa kazi aliyoitolea jasho, na mtu mwenye mhuri wa kuchonga anafunga matimba juu ya vichwa vya watu. Asubuhi yule mama alitufungia michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga kwenye mfuko. "Ukishindwa ugali, hizi hazina mila," akasema. Wabeja sana, mama, nashukuru.

Ijumaa asubuhi, mbele ya Runzewe. Bodaboda zilitupeleka mpaka kwenye kilima chenye turubai za buluu na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe. Petro alitupokea. Ni kijana wa maneno machache, mwenye kofia ngumu na daftari la zamu kwapani. Nyuma yake, kwa mbali kama inavyotakiwa, Mama Minza alipiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mjukuu wangu Minza hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu, anasema anakudai hadithi."

Baada ya hapo tukazungumza kupitia Neema, ingawa kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri.

"Neema, mwambie Baba wanaume wote amekula chini ya matimba yao, hata yule wa Samuye aliyekuwa anaogopa giza. Mimi peke yangu ndiye wa kurudi bila jaribio?"

"Mwambie mkwe wangu yule wa Samuye hakuwa mke wa mwanangu."

"Mwambie basi ashuke aone. Mimi sikukaa bure nikimsubiri."

Mama Minza akatangulia kushuka, tukafuata, Petro mbele, mimi nyuma yake, Neema mwisho, magoti yangu yakilalamika kila ngazi. Chini kabisa, njia inapogeuka kufuata mwamba wenye dhahabu, nikaona alichofanya. Katikati ya njia, kwa urefu wake, chini ya paa moja la magogo ya mkaratusi, alikuwa amegongelea mabanzi kutoka sakafuni hadi juu, yameshikana hata mwanga wa tochi haupenyi. Upande mmoja kigoda changu na sahani. Upande wa pili, ambao nisingeuona, kigoda chake.

Sauti yake ikatoka nyuma ya mbao. "Neema, mwambie Baba paa ni moja na ugali ni mmoja. Kuonana, hatuonani."

Mila yetu inakataza kutazamana mkila. Haijasema kitu kuhusu paa. Niliyasukuma mabanzi kwa bega, hayakutikisika. Nikagonga magogo kwa kisigino cha shoka lililokuwa pale, moja moja, nikisikiliza. Yakajibu sawasawa, sauti nzito, hakuna lililolia kama debe. Nikakaa. Petro akakaa karibu yangu, Neema akazunguka mwisho wa mabanzi kwenda kwa Mama Minza. Tukanawa, tukaanza.

Hapo ndipo nikagundua ugumu. Kwa wanafunzi wengine huwa natazama macho, kama yanakimbilia juu. Huyu nisingemwona. Nikabaki kumsikiliza tu.

Tulipofika katikati ya sahani, karasha la jirani likawashwa. Ardhi ikatetemeka mpaka kwenye makalio. Vumbi likadondoka, likaingia kwenye mboga yangu. Petro tonge lilimganda mkononi, macho juu. Mimi nikatega sikio ukutani. Upande wa pili nikasikia mlenda ukivutwa, taratibu, kama mtu aliyeko jikoni kwake. Kisha sauti ya sahani kusukumwa, na Mama Minza akamwambia Neema, "Kula mwanangu, huo ni mtikisiko wa kila siku. Kabari ya hapo juu niliipiga mara mbili."

"Petro," nikasema, "ugali wako unapoa."

Nilimaliza sahani yangu yote, na vumbi lake.

Tulisaini hukohuko chini. Mtandao hakuna, lakini Neema alisema saini haihitaji mtandao, ufunguo umo ndani ya simu yangu. Nikaweka kidole gumba, simu ikakataa. Nikakifuta, ikakataa. Vidole vyangu vimelika na magogo, alama zimekwisha. Neema akanikumbusha kwamba kuna namba ya siri, nikaiandika nimegeuka ukutani. Kabla sijagusa kile kijumba nikamwuliza kama kuna mahali pa kuongeza maneno. Pakawepo. "Andika kati yetu kulikuwa na ukuta wa mabanzi. Nisije nikasingiziwa kwetu." Akaandika. Nikaweka tiki.

Juu kwenye mwanga, simu yangu ikatoa ile picha ya vijumba vyeusi na vyeupe, Mama Minza akaiskani, hati ikaingia kwenye simu yake. Petro naye akaikagua kwa simu ya kikundi, ambamo jina langu lilishawekwa kama mtoaji. Ikawa kijani. Si mwepesi wa kuamini, akamtaka Neema abadilishe herufi moja kwenye nakala. Ikawa nyekundu hapohapo. Akaisoma ile ya kijani kwa sauti, alipofika kwenye mabanzi akacheka kwa mara ya kwanza.

"Mama Minza, Jumamosi unaanza. Lete orodha ya magogo." Kisha akanigeukia. "Na wewe Mzee, hati yako alitoa nani?"

"Pumzi yangu ndiyo hati," nikamwambia. "Fundi mbaya asingefika umri huu." Nilisema kwa ukali kidogo, maana aliuliza mbele ya watu.

Mama Minza akamvuta Neema pembeni, wakanong'onezana juu ya simu, nikadhani ni mambo ya wanawake.

Jumapili mchana, Maganzo. Mke wangu alinipokea mzigo, na kabla sijakaa akauliza, "Umekula na mkwe wako?"

"Kulikuwa na mabanzi."

"Mazito?"

"Mazito."

Akaridhika. Ndiyo maana nawaambia nyote pia, mabanzi yalikuwa mazito.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani lile sanduku la Neema litafanya kazi ya kuwa mkweli badala yetu. Halifanyi. Linachofanya ni kulikamata neno lako lisiponyoke, likufuate kila machimbo unakokwenda na jina lako juu yake. Kwa hiyo afadhali uwe umekula kweli.

Jioni hiyohiyo simu ililia. Herufi za simu hunishinda, nikamwita mtoto wa jirani anisomee, nikijifanya miwani imepotea. Ilikuwa hati, rangi ya kijani. Mtoaji: Mama Minza, fundi mkuu wa matimba. Mpokeaji: Mimi. Kwenye kijumba cha jaribio alikuwa ameandika kwamba kule Kahama alikula chini ya matimba ya fundi huyu kila siku, miaka yote, na hakuwahi kutazama juu.

Nikamwambia mtoto airudie. Halafu nikamwambia airudie tena, kwa sauti, maana mke wangu alikuwa uani.

Mkitaka kuiona, njooni. Mchwa hawaili.