Beberu Siku ya Wakwe

Mume wangu ni fundi wa vitasa, na mkono wake wa kushoto nimeunusa kuliko nilivyonusa masufuria yangu mwenyewe. Si utani. Asubuhi usingizi haujanitoka machoni, mkono huo hapa, chini ya pua. "Mama watoto, hebu nusa." Mchana akirudi kula: "Nusa tena, imegeuka." Jioni nakunja nguo zangu: "Sasa je?" Wenzangu waume zao huwauliza kama chakula kimeiva. Mimi naulizwa kama harufu ya mti imeshatokea chini ya ile ya karafuu.

Yote yalianzia kwenye chuma. Mtu anayeshinda na funguo, tupa na grisi hunuka chuma, aoge asioge. Siku alipokuja kwetu kuniposa, marehemu mama aliniita jikoni akaniuliza, "Huyu mbona ananuka kutu?" Alidhani ananong'ona. Kuta zetu zilikuwa za mbao, mwenyewe akasikia neno kwa neno, na tangu hapo akaapa kukifukuza kile chuma mwilini mwake. Alianza na marashi ya kawaida, yale ya kila duka. Kisha akakutana na Pua.

Pua ni muuza manukato mwenye kibanda nyuma ya posta, na ukimwona huulizi kwa nini anaitwa hivyo. Yeye hana habari na manukato ya kumpendeza kila mtu. Huagiza yale yanayotengenezwa chupa chache, na watu wachache, kwa ajili ya vichwa vigumu kama mume wangu. Ipo inayonukia vumbi lililoguswa na mvua. Ipo inayonukia wodi ya hospitali, dawa na mashuka. Ipo ya tairi linaloungua, na hiyo, kwa akili zake, aliipaka siku ya kwenda kwa daktari wa meno. Daktari alifungua madirisha yote mawili, kisha akamsihi afumbe mdomo, na mtu alikuwa amekwenda kufumbuliwa mdomo!

Ukimlalamikia, jibu lake ni moja: "Ngoja itulie." Anasema manukato ya kweli hayamwagi siri zote kwa mara moja. Yakigusa ngozi huanza na kelele, ndimu, pilipili, sijui nini. Ngozi ikishayapasha joto, kelele zinaisha, maua na viungo vinajitokeza. Baadaye sana ndipo unayapata yaliyokaa chini, ubani, mti, ngozi ya mnyama, na hayo ndiyo utayakuta kesho kwenye kola ya shati. Halafu miili haifanani. Kinachonukia asali kwake, kwangu ni dawa ya kikohozi tupu.

Basi hilo "ngoja" likawa neno lake la kila jambo. Mteja akija anafoka, ngoja atulie. Mtoto akilia, ngoja atulie. Nikinuna mimi, anawaambia watoto kwa sauti ya chini, "Mwacheni mama yenu, atatulia," na hapo ndipo ninapopanda mori kabisa. Yeye ni wa subira huvuta heri, mimi ni wa ngoja ngoja huumiza matumbo, na hivyo hivyo tumeishi, tumezaa, tumelea.

Sasa, binti yetu, kitinda mimba, akapenda. Kijana aliyempenda anafanya kazi kwenye duka la miwani, mpole, hana neno na mtu. Shida ilikuwa mama yake. Huyo alishastaafu ualimu lakini watu wote bado wanamwita Mwalimu Mkuu, na sifa yake moja inajulikana: huamua mlangoni. Hajakaa, hajanywa maji, ameshaamua, na akishaamua, hata umlilie damu hageuki. Msichana wa kwanza aliyeletewa alimkataa kwa sababu ya viatu vilivyotupwa ovyo kizingitini. Na kijana hakumficha binti yetu. "Nakupenda," alimwambia, "ila bila radhi ya mama yangu siwezi kuoa." Mtoto akawa hali, halali. Habari ilipofika kwamba Mwalimu Mkuu angekuja kututazama Jumamosi alasiri, alimshika baba yake mikono yote miwili.

"Baba, nakuomba. Siku hiyo usipake kitu."

"Nimekusikia, mwanangu," akajibu. Amesikia. Hakusema atatii.

Maana alikuwa na chupa moja aliyoitunza kwa siku kama hiyo. Mwanzo wake ni beberu. Sisemi kwa mfano, ni beberu hasa, amelowa mvua, amesimama karibu na jalala linaloungua. Lakini ukimvumilia huyo beberu tangu asubuhi, alasiri anageuka asali, anageuka ngozi laini, na moshi mtamu wa mbali. Pamoja na mdomo wangu huu wote, nakiri sijapata kunusa kitu kizuri kama kile. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa hii: apake asubuhi akitoka kuoga, ajifungie chumbani na mnyama wake, wakwe wakija wamkute ni asali.

Mwalimu Mkuu akaja asubuhi.

Kumbe ndiyo kawaida yake, kushtukiza watu. Mimi nina kitambaa kichwani na tambara la kupigia deki mkononi, binti kasuka nywele upande mmoja. Mume wangu ndiyo kwanza anatoka chumbani, meno yote nje kwa furaha ya kupokea wageni, na beberu akiwa ametangulia.

Tukaketi. Nikafungua madirisha kama yule daktari wa meno. Mwalimu Mkuu akainua kidevu, akavuta pumzi fupi.

"Mnafuga?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema.

"Basi kuna kitu kimekufa chini ya kabati."

Kijana akavua miwani yake akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Binti alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Mungu anisamehe, nilishafungua mdomo niwasingizie majirani, lakini mume wangu akaniwahi.

"Ni mimi, mama. Ni manukato. Ngoja yatulie."

"Manukato!" Mwalimu Mkuu akasimama. "Mwanangu, twende zetu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kwa kuwa tunakaa ghorofa ya tatu, ningewaangukia wale majirani niliotaka kuwasingizia. Binti yangu hakulia. Alikaa tu, mikono mapajani, kama mtu aliyeshajua. Roho iliniuma hadi nikashindwa kusema "karibuni tena."

Mwalimu Mkuu akashika kitasa cha mlango, akazungusha. Wapi! Mganga hajigangi. Mji mzima huyu bwana anaufungulia milango, ila kitasa cha nyumbani kwake kinashika kinapojisikia, na kila nikisema naambiwa kesho. Kijana naye akajaribu, akavuta, akasukuma, kitasa hakikumjali. Na mlango wetu wa kutokea ni huo huo mmoja.

"Niachieni mimi," akasema mume wangu. Akapiga magoti na waya wake na bisibisi. "Mama, naomba unishikie kurunzi. Hapa kwenye ushoroba pana giza."

"Nipe mimi, baba," kijana akasema.

"Wewe vuta mlango usicheze. Mama anatosha."

Basi Mwalimu Mkuu akainama pale pembeni, bega kwa bega na beberu, mkono mmoja kurunzi, mkono mwingine pua. Mume wangu akafanya kazi taratibu, jasho likaanza kumtoka, na mimi najua mwili ukipata joto manukato hayo yanakwenda mbio. Huku anachokonoa, akamhadithia habari za bibi mmoja aliyekuwa akijifungia nje karibu kila wiki. Kila wiki anaitwa, anafungua, anakaribishwa chai, wanaongea. Mpaka siku moja akauona ufunguo wa bibi umelala ndani ya buti lake la bustanini, pale pale mlangoni.

"Ukamwambia umeuona?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Niseme nini, mama? Nikamfungulia, nikanywa chai."

Mwalimu Mkuu akacheka. Mkono ukatoka puani.

Hapo hapo nikasikia *tak*. Mlio huo naujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kitasa kimefunguka. Nikangoja mume wangu ainuke. Hakuinuka. Akarudisha waya polepole, kwa ule ulaini wake, kitasa kikajifunga tena.

"Mh," akasema. "Bado kidogo."

Nikajiziba mdomo kwa lile tambara la deki, na sikujali lilikotoka.

Akaendelea kuchokonoa, akaendelea kuhadithia, na Mwalimu Mkuu naye akaanza kumsimulia kuhusu makabati ya shule. Katikati ya maneno akanyamaza. Akainua kidevu kama mwanzo.

"Hii nini tena? Asali?"

"Unasikia nini kingine, mama?"

"Kama mkoba mpya. Na moshi kidogo. Yule mnyama kaenda wapi?"

"Ametulia."

Akasogea karibu zaidi, akafumba macho. "Na chini kabisa kuna kitu," akasema. "Kama funguo zilizoshikwa mkononi muda mrefu."

Wivu ukanichoma. Ndiyo, wivu, kwa umri wangu huu! Harufu ile ilikuwa yangu. Miaka yote hiyo, vumbi, hospitali, tairi, kila chupa ikifika kwenye mwili wa mume wangu huishia pale pale, kwenye chuma chake. Na kila akiniuliza chini kabisa kuna nini, humjibu maua, humjibu ubani. Nilikuwa najiambia sitaki kumvunja moyo. Leo mama wa watu kaipata kwa asubuhi moja, tena akiwa mgeni.

*Tak.* Mara hii mume wangu akausukuma mlango ukafunguka wote, mwanga wa ngazini ukaingia. Hakuna aliyetoka. Mwalimu Mkuu akamrudishia kurunzi, akajinyoosha mgongo.

"Mimi huamua mlangoni," akasema.

"Tunajua, mama," nikajibu, roho mkononi.

"Sijapata kukaa mlangoni muda mrefu hivi." Akamgeukia binti. "Mwanangu, kamalizie nywele hizo upande wa pili. Halafu utuletee chai."

Binti akasimama, akakaa, akasimama tena, akamkumbatia baba yake, kisha akakimbilia chumbani na kilio chake chote. Kijana akavaa miwani, akaivua, akavaa.

Kabla hawajaondoka, Mwalimu Mkuu akadai apakwe tone moja kwenye kifundo cha mkono. Mume wangu akamwonya kwamba miili haifanani. Hakusikia la mtu. Kesho yake simu ikalia: "Mwambieni mkwe wangu, beberu wake nimelala naye na nimeamka naye." Aliposema "mkwe wangu", binti alipiga kelele hadi majirani wakagonga ukuta.

Lakini nirudi nyuma, Jumamosi hiyo hiyo, jioni. Nakunja nguo, mkono ukaja.

"Nusa."

"Kitasa ulikifungua mara ya kwanza," nikamwambia. "Nilisikia."

"Mama wa watu alikuwa hajatulia," akasema bila aibu. "Haya, niambie. Chini kabisa kuna nini?"

Nikanusa.

"Chuma."

Uso ukamshuka. "Bado?"

"Bado. Kila chupa, tangu ya kwanza."

"Miaka yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa Pua angekuuzia ya kukiondoa."

Akaunusa mwenyewe. Kisha mkono ukarudi chini ya pua yangu, bila swali, nami nikaweka nguo pembeni nikaushika.