Nani Alazwe, Nani Arudi Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya karibu na Lwakhakha, mpakani mwa Kenya na Uganda, msimamizi wa kituo aliniuliza kama nina saa yenye mshale wa sekunde. Sikuwa nayo. "Basi bado hujawa muuguzi," akasema. "Pumzi za mtoto utazihesabu kwa kitu gani?" Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Huko mpakani nilikaa miaka saba, kisha nikapelekwa Bungoma mjini, wodi ya wanaume. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikajikuta Kitale, katika hospitali moja ndogo, upande wa watoto. Msimamizi wetu alikuwa Sista mmoja mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumgombeza mtu mbele ya wagonjwa.

Ndipo surua ikaingia. Ninyi vijana mmeisoma vitabuni. Sisi tuliiona ikijaza veranda. Huletwa na kirusi kinachosafiri kwa hewa. Mtoto mmoja akikohoa chumbani, wasiochanjwa karibu wote wanaugua. Wengi hupona nyumbani kwa uji, maji na matone ya vitamini A. Wachache huingiliwa na nimonia au kuharisha kubaya, na hao wasipolazwa upesi hufa. Kazi yangu ilikuwa kuwatambua hao wachache, kwa sababu vitanda havikututosha.

Asubuhi moja alikuja mama kutoka Kipsongo, mtaa wa mabanda hapo Kitale, kibarua wa kuchambua mahindi. Alimshika mkono Wafula wa miaka minne, na mgongoni alimbeba Nekesa wa miezi kumi. Wafula alikuwa amejaa vipele hadi nyayoni, macho mekundu, akilia mpaka foleni nzima ikageuka. Nekesa alikuwa amenyamaza.

Nilimpima Wafula kwa makini. Nekesa nilimgusa tu paji la uso.

"Daktari, huyu mdogo hanyonyi tangu jana," mama akasema. Sisi wauguzi wote walituita daktari.

"Ni homa tu, mama. Itashuka. Mkubwa ndiye tutamlaza. Mdogo mpeleke kwa nyumba, nani atakaa naye?"

"Dada yangu yuko. Lakini ati hanyonyi, daktari. Hata kulia hawezi."

"Si ni vizuri akitulia?" nikamjibu, na kuita anayefuata.

Saa sita Sista alipitia daftari langu. Kidole chake kikasimama. "Huyu wa miezi kumi alikuwa anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Nilitazama mstari wake daftarini; pa kuandika pumzi palikuwa patupu.

"Alikuwa ananyonya?"

"Mama alisema hanyonyi."

Sista alifunga daftari polepole. "Anayelia ana nguvu za kulia," akasema. "Nenda ukamtafute."

Nilikwenda nusu nikikimbia, nikiuliza nyumba hadi nyumba. Nilimkuta Nekesa kwenye mapaja ya mama yake mdogo, yule dada wa mama, nje ya kibanda. Nikafunua nguo. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea chini ya mbavu. Nilihesabu kwa saa yangu pumzi sabini na mbili kwa dakika; kwa umri wake, hamsini tayari ni hatari. Nilipompa kijiko cha maji, yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Tulipanda bodaboda ya baiskeli, mimi nimempakata, mwenye baiskeli akipiga kengele mpaka getini. Sista alikuwa ameshatayarisha oksijeni. Wafula, ambaye kufikia hapo alikuwa amemaliza vikombe viwili vya uji, alipewa dawa akaenda kwa huyo mama yake mdogo.

Siku ya tatu Nekesa alishika titi. Nikasimama mbele ya mama yake. "Mama, nilikosea. Uliniambia, sikusikia."

"Mimi nilikuambia mara mbili," akasema. Kisha akaniwekea mtoto mikononi. "Shika, nifue hii nguo yake."

Nekesa alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na ukungu. Ugonjwa huo huacha alama hata unapoondoka.

Nilistaafu nikiwa Bungoma, na sasa nalima kijijini Bokoli. Juzi binti wa jirani, anayesomea uuguzi, aliniuliza, "Mzee, mtoto akipata surua, uwezekano wa kulazwa ni kiasi gani?" Nilimweleza ninachojua: mdogo sana yuko hatarini zaidi, asiyekula vizuri pia, na asiyechanjwa ndiye wa kwanza kuugua. Aliandika yote.

"Kwa hivyo nikimwambia mama kwamba wengi hupona, nitakuwa sijadanganya?"

"Hutakuwa umedanganya," nikamwambia. "Lakini yeye hakuja na wengi. Amekuja na huyo mmoja."