Mama Sauti na Kioo cha Mashine

Mama Sauti alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja kubwa, na jina hilo hakupewa bure. Akimwita mtu kutoka chumba cha kufulia, wapishi wa ghorofa ya juu waliitika. Mumewe alikwisha kufa, na pasi ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wanawe wawili. Basi siku meneja alipowatangazia wafanyakazi kwamba zinakuja mashine mpya za kufulia, zinazoandika Kiingereza kitupu kwenye vioo vyake, na kwamba asiyeweza kukisoma aanze kutafuta pengine, aliona riziki inamponyoka. Yeye darasani hakuwahi kukanyaga. Herufi alizijua chache tu, zile za jina lake.

Hoteli ikaleta mwalimu, kijana mwenye haraka zake, akawa anawafundisha kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi wakishatoka kazini. Alifundisha kama alivyofundishwa yeye: anasoma sentensi, darasa zima linaitikia. Kitabu walichopewa, chembamba, cha hadithi ya mtu na ng'ombe wake, kilipigiwa kelele mpaka vijiko vikalia kabatini. Na kwa kuitikia, nani wa kumshinda Mama Sauti? Sentensi ilimpita sikioni mara moja tu, kaidaka. Kidole kilitembea kwenye mstari, ukurasa aliugeuza wenzake walipougeuza. Matamshi yake, we, ungedhani amezaliwa nayo! Haikupita muda mwalimu akamfanya kiongozi, anaanza yeye, wengine wanafuata. Umoja na wingi, vitenzi vya jana na vya leo, vyote alivimwaga kama maji. Meneja akipita mlangoni husimama, akatikisa kichwa kwa furaha.

Msidhani alikuwa anamdanganya mtu. Maskini, mwenyewe aliamini kabisa kwamba anasoma.

Palikuwa na mkunja mashuka mmoja, mdogo wake kwa umri, waliyembandika jina la Kobe. Huyo katika kuitikia hasikiki. Akisimamishwa peke yake anakwenda neno kwa neno, anakwama, anarudi nyuma, jasho linamtiririka, na darasa linacheka hadi kushika mbavu. Mama Sauti naye alicheka, tena kwa sauti yake ile ile. Siwezi kumpamba.

Siku moja ikaletwa sabuni mpya, pakiti imejaa maandishi ya Kiingereza. Mama Sauti akaichukua kwa madaha awasomee wenzake. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Yale maandishi yalimtumbulia macho, naye akayatumbulia macho, na hakumjua hata mmoja wao. Akasingizia miwani, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na miwani, akaenda kujifungia chooni.

Jioni ile akamsubiri mwalimu hadi wenzake walipoondoka, akamweleza yote. Mwalimu alimpa karatasi, akamwonyesha neno hili na lile, na kila alivyozidi kumwonyesha ndivyo uso wake mwenyewe ulivyozidi kusawijika.

"Mama, nilishamwambia meneja wewe ndiye mwanafunzi wangu bora," akasema. "Nikimrudia sasa nimwambie hujui hata herufi, nami nitafukuzwa."

Akaahidi kumfundisha pembeni. Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu, lakini mtihani wa kusoma aliouweka meneja ulikuwa umeshafika mlangoni, na kichwa chenye hofu hakishiki kitu.

Meneja aliwaita mmoja mmoja mbele ya wote, kila mtu na karatasi asiyowahi kuiona. Kobe akasoma kwa mwendo wake. Alikuwa hajafika mstari wa tatu meneja akatazama saa, akamwambia inatosha, akakae. Mama Sauti akasimama. Usiku kucha alikuwa ameazimia kusema kweli, lije litakalokuja.

Meneja akacheka. "Wewe tena, mama? Wewe si nakusikia kila siku? Kaa, tusipoteze muda. Mashine zitakuwa chini yako."

Alitaka kusema. Akawaona wanawe na sare zao za shule, mdomo ukajifunga wenyewe. Akakaa, na wenzake wakampongeza kwa kumpigapiga mgongoni. Kobe akaambiwa amalizie mwezi, kisha asirudi.

Mashine ya kwanza ikasimikwa siku ya mwisho ya Kobe kazini. Mashuka yakaingizwa, kitufe kikabonyezwa, mashine ikalia mara moja na kunyamaza. Mstari wa maneno mekundu ukawaka kwenye kioo. Wote wakamgeukia Mama Sauti. Naye, kama anayetaka kuaga, akamsogelea Kobe, akamshika mkono na kumvuta mpaka mbele ya kioo.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nisomee."

Kobe alimtazama, kwanza hakuelewa, kisha akaelewa. Akakigeukia kioo, midomo ikamcheza polepole, neno kwa neno.

"Inasema mlango haujafungika vizuri," akamnong'oneza. "Leo nimekusomea, dada. Kesho utamwita nani?"

Hakuuliza kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Mama Sauti akausukuma mlango ukashika, mashine ikaanza kuzunguka, na wenzake wakampigia makofi. Alipogeuka, Kobe alishavua aproni na kutoka. Kioo kikaandika maneno mengine.