Niliposema Taa Zinawaka

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata sasa nikiisimulia natazama chini. Ilikuwa ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni, vipuri ndiyo usiseme, na globu ya gari ikiibwa hupati nyingine, kwa hiyo kila nikifika nyumbani Usagara nilikuwa nazing'oa globu zote mbili za mbele na kuzifungia kabatini ndani ya soksi (msicheke, tulikuwa wengi).

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka mama mkwe Kigombe kwa pikapu yangu, na kwa haraka ya kutaka anione mtu wa kutunza saa, globu nikazisahau. Nilipokumbuka tumeshatoka mjini. Nikajiambia, mchana mweupe huu, taa za nini?

Kwenye mashamba ya mkonge tukalikuta lori mbele yetu, linatimua vumbi hata boneti yangu siioni.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "washa taa."

Ningesema ukweli tungesimama kando vumbi litulie, basi. Lakini nimwambie mkwe kwamba taa zimelala kabatini? Nikabonyeza swichi, tak.

"Nimewasha, mama."

Na ili aone mimi ni dereva kweli, nikatoka kulipita lori.

Ndani ya vumbi zikachomoza taa mbili za basi, ziko puani kwetu. Mama mkwe akapiga shahada. Usukani sijui niliukata vipi, najua tu pikapu ilisimama katikati ya mkonge, miiba dirishani. (Elewa hapa: mimi niliwaona kwa sababu wao waliwasha. Wao hawakuniona kabisa. Taa ya mchana si ya kukuonyesha njia, ni ya kumwonyesha mwenzio kwamba upo.)

Dereva wa basi akaja mbio. "We bwana, wataka kutuua? Vumbi lote hili huna taa!"

Mama mkwe akashuka, kanga imejaa vumbi. "Usimsingizie mkwe wangu! Wallahi taa kawasha, mbele ya macho yangu."

"Basi mama, njoo huku mbele."

Akaenda. Abiria nao wakaenda. Matundu mawili matupu.

"Lahaula, gari limeng'olewa macho!" mmoja akasema, wakacheka kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Mama mkwe hakucheka. "Umeniapisha uongo, baba."

Tulipofika Kigombe akafunga siku tatu, kafara ya kiapo kile. Nilimsihi kwamba kosa ni langu. Akasema, "Jina la Mungu nimelitaja mimi."

Nami nikaapa... hapana, viapo nilikwisha kuviharibu, niliamua tu: nikiwasha gari nawasha na taa, jua liwe la utosi. Watu wakinipigia kelele njiani, "Mzee, taa hizo!" nawapungia mkono. Alhamdulillahi, wameniona.