Mmea wa Mama Mkubwa

Harufu ya mzizi uliooza naijua tangu nikiwa na miaka tisa. Mwaka huo mvua ziliipita Mwanhuzi, ng'ombe wakakonda, na mama akaenda Mwanza kusomea ualimu kwa mwaka mzima, akiniacha na bibi, mama yake baba. Juu ya meza ya sebuleni aliacha ndoo ya rangi iliyopandwa mmea wa majani manene yaliyosimama kama mapanga, kila jani na mistari ya njano pembeni. Alipewa na marehemu dada yake, mama mkubwa wangu, na hakuwa na kumbukumbu yake nyingine, hata picha. "Nakuachia wewe," aliniambia. "Usife huu."

Nami niliutunza kupita kiasi. Kazi yangu ilikuwa kuwanawisha wageni kabla ya ugali, na kwetu kumwaga maji wakati wa kiangazi kulikaribia dhambi. Kila beseni nililimimina kwenye ile ndoo, nikijisifu kimoyomoyo. Wahenga walisema wema hauozi. Wa kwangu ulioza. Majani yalilegea, yakaanguka moja moja, nikalia mpaka bibi akaja kunusa udongo. "Mayu, huu si ndama wa kunyweshwa kila siku," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. Alichagua jani moja lililobaki zima, akalikata vipande, akaviacha vikauke siku kadhaa, kisha akavichomeka kwenye mchanga mkavu. "Sasa usiuguse." Kuchota maji kisimani kulikuwa rahisi kuliko kukaa tu na kutazama. Ilipita miezi ndipo machipukizi yakatoka, lakini ya kijani kitupu. Niliingoja njano kila asubuhi, hadi siku mama aliporudi.

Alitazama ndoo kabla hajatua begi. "Mistari yake iko wapi?" Nilimweleza yote, hata yale mabeseni. Hakunipiga. Alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku hizi naishi Bariadi, bomba liko ndani, na mmea ule uko sebuleni kwangu, ungali kijani kitupu; nimekuja kujua kwamba ukioteshwa kwa kipande cha jani hupoteza njano yake. Naumwagilia mara moja kwa mwezi, wakati mwingine nasahau na haulalamiki. Mwaka jana niliona wenye mistari ya njano kwa muuza maua, nikaununua nimpe mama akija kunitembelea. Aliusifu, akausogeza pembeni, akachukua kitambaa na kuanza kufuta vumbi kwenye majani ya ule wa kijani, moja baada ya jingine.

"Huo mpe jirani," alisema. "Wa dada yangu ni huu."