Mkanda Uliopunguzwa

Ilianza Jumapili, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mkaguzi alipoingiza nusu ya mwili wake ndani ya gari letu, akaushika mkanda wa bega, akauvuta mara mbili, kisha akatulia kama mtu aliyenusa gesi.

"Hii nani ameshona?"

Baba alikuwa upande wa pili, akipangusa kioo ambacho alikuwa ameshakipangusa. "Fundi," akasema.

"Fundi gani?"

"Wa viatu. Lakini anashona pia mikoba, mahema, hata matandiko ya farasi wa wale matajiri wa huko Karen."

Nilikuwa nyuma ya Baba na helmeti mkononi, nikajua papo hapo kwamba farasi hawatatusaidia. Baba akiwa na wasiwasi husema ukweli mwingi kupita kiasi. Mimi nikiwa na wasiwasi sisemi kitu.

Mbio zetu si zile za runinga. Ni kiwanja cha vumbi nje ya mji, ukifuata barabara ya Waiyaki Way mpaka nyumba zianze kupungua. Koni zinapangwa, unazizunguka ukiwa peke yako, na saa inakuhesabia. Sisi tulio chini ya miaka kumi na minane hupewa kadi yenye visanduku vitatu. Ukishiriki mbio tatu katika msimu mmoja bila kuvunja kanuni, visanduku vinatiwa sahihi na unapewa leseni. Msimu ukiisha hujavijaza, kadi inakufa, unaanza upya. Nilikuwa na sahihi mbili, na Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho wa msimu. Mwenye duka moja la vipuri, ambaye Baba humtengenezea magari, alikuwa ameahidi kwamba nikipata leseni atanilipia ada za mwaka ujao. Bila leseni gari linauzwa. Baba alilisema hilo akimega ugali, bila kuniangalia.

Simlaumu. Tulipoanza, ada ya kuingia haikufika bei ya tairi moja kuukuu. Kabla ya mbio za pili ikapanda. Kabla ya za tatu ikapanda tena, tangazo likaletwa kwenye grupu yetu ya simu Ijumaa jioni, na chini yake watu wakaweka vikatuni vya makofi. Sijui walikuwa wanapiga makofi ya nini. Namba ya gari, ambayo mara ya kwanza tuliiandika kwa selotepu nyeusi, sasa sharti uinunue kwao. Kizima moto chetu kilichokuwa kikubwa cha kutosha kwenye mbio za kwanza kikawa kidogo kwenye za pili, ilhali kilikuwa kile kile. Mama, ambaye kuku wake ndio waliolipia kikubwa zaidi tulicholazimika kununua, aliuliza kama siku moja na mimi nitaambiwa nimepungua.

Na hadithi ya mkanda ndiyo hii. Kwenye mbio za kwanza tulikaguliwa na mzee mmoja mnene mwenye kofia ya kijani. Alinifunga mkanda, akaubana hadi kibano kikafika mwisho, na bado ulikuwa unaning'inia begani, kwa sababu mimi ni mdogo wa mwili. Akamwambia Baba, "Leo nitamwachilia. Lakini hii mkanda mpunguze, ikae saizi ya mtoto." Jioni hiyo niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Mimi huandika karibu kila kitu, hasa vitu ambavyo sikuweza kuvijibu.

Tulikwenda Westlands kuulizia mkanda wa saizi yangu, kwenye duka lililo ghorofani, mahali ambapo mlinzi alituuliza mara mbili kama tumepotea. Baba aliposikia bei alisema asante, akarudi kwenye lifti. Wiki hiyo hiyo akaupeleka mkanda mjini, kwa fundi anayekaa kwenye ngazi za jengo moja karibu na River Road. Fundi akaukunja, akaushona mistari minne kwa uzi wa nta. Kwenye mbio za pili, mkaguzi mwingine akaupapasa mshono na kusema, "Kazi safi. Hii hata lori inavuta." Nikapata sahihi.

Sasa huyu wa tatu, kijana mrefu mwenye kalamu mbili shingoni, anasema, "Mkanda ya kushonwa hairuhusiwi, mzee. Haijawahi kuruhusiwa."

"Si ni nyinyi mlisema tuipunguze?"

"Nani alisema?"

"Mwenzako. Mbio za kwanza."

"Mwenzangu nani?"

Baba akanigeukia. "Mami, leta kile kitabu chako."

Nilitamani kiwanja kinimeze. Daftari langu lina mambo mengine pia. Nililifungua kwenye ukurasa ule nikiwa nimeifunika nusu ya chini kwa kiganja, kwa sababu hapo nilikuwa nimeandika jinsi Baba na Mama walivyogombana juu ya pesa za kuku. Mkaguzi akainama akasoma, akacheka, wala si kwa ubaya.

"Huyu atakuwa wakili. Lakini daftari si kanuni, siste."

"Na kanuni yenyewe iko wapi?" Baba akauliza.

"Kwa grupu."

"Boss, hiyo grupu ina meseji mia nne tangu Ijumaa. Nusu ni pole za msiba."

Yule mzee wa kofia ya kijani alikuwa hatua thelathini tu kutoka hapo, chini ya hema la wasimamizi, anakula chapati. Baba akanisukuma kidogo mgongoni. Hatua hizo thelathini nilizihesabu. Nikamsalimia, nikamwuliza kama anakumbuka alichosema, kwa sauti ndogo hata ikabidi aache kutafuna.

"Mimi? Nilisema ikae saizi yako. Sikusema mshone."

"Ulisema tuipunguze."

"Kupunguza ni kununua ndogo, msichana yangu. Si ziko madukani?"

"Ziko bei."

"Ah, hii mchezo ni ya bei. Keti, kunywa chai."

Sikunywa chai. Niliporudi, mkaguzi alikuwa ameutoa mkanda kwenye kiti na kumpa Baba ncha moja. "Shika. Vuta kama unavuta ng'ombe." Wakavuta, huyu huku, huyu kule. Nikasikia sauti ndogo, tk, halafu tk tk tk, na mstari mmoja kati ya ile minne ukafunguka kama zipu.

Baba aliutazama ule uzi muda mrefu.

Niandike ukweli: nilitaka sana yule kijana awe amekosea. Nilikuwa nimeshajiandalia hasira yote ya safari ya kurudi. Kumbe yeye ndiye aliyefanya kazi yake, na wale wawili niliowapenda ndio walioniacha nizunguke koni, mara moja na mkanda uliolegea, mara ya pili na mshono huo begani. Hasira nikabaki nayo, sijui nimpe nani.

Mama mmoja kutoka Loresho, ambaye mwanawe hushindana na magari mawili na huyaleta kwa trela, alikuwa anatuangalia. Akaja na mfuko. "Chukueni hii yetu ya spea. Ni ya saizi yake." Baba alishukuru mara tano, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, akaanza kufungua nati. Spana ilimponyoka mara mbili. Nati moja ilikuwa na kutu. Alipomaliza, mkanda ulinikaa begani kana kwamba nilipimwa. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilihisi gari limenishika.

Tukasukuma gari hadi kwenye meza ya ukaguzi. Ilikuwa saa tatu na dakika nane.

"Meza imefungwa," kijana akasema. "Ukaguzi mwisho saa tatu."

"Dakika nane tu, jamani."

"Saa tatu ni saa tatu, mzee. Si mimi, ni mkuu wa mbio."

Mkuu wa mbio akasema kwamba kanuni ni ya wote, na akiachilia mmoja atalazimika kuachilia wote. Baba bado alikuwa anamsihi, kofia mkononi, lilipoingia trela lenye gari jekundu ambalo giaboksi yake ilikuwa imetoka tu kubadilishwa. Nikatazama saa: tatu na nusu. Kijana akamtazama mkuu, mkuu akaitikia kwa kichwa, meza ikafunguliwa.

"Na huyo?" Baba akauliza.

"Huyo alipiga simu mapema."

"Kwani simu inakaguliwa?"

Watu wakacheka. Hata mwenye gari jekundu alicheka. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomshinda Baba, maana alivaa kofia yake akaondoka pale.

Mimi nikabaki mbele ya mkuu wa mbio. Maneno nilikuwa nayo yote: amekuja saa tatu na nusu, sisi tulikuja saa tatu na dakika nane, kanuni ni ya wote, wewe mwenyewe umesema sasa hivi. Nikafungua mdomo.

"Huyo amekuja..."

"Unasema?" Aliinama, akaweka mkono nyuma ya sikio.

"Hakuna," nikasema.

Hakuna. Wakaguzi nimewasamehe nusu nusu, lakini neno hilo bado linanikera kuliko mshono, kuliko ada, kuliko trela.

Tulirudisha mkanda wa watu. Yule mama akasema pole, tutajaribu tena. Sikujua nimweleze vipi kwamba 'tena' ndicho kitu ambacho hatuna. Karibu na nyumbani Baba akasema, "Kesho nitaliosha gari, nilipige picha." Nikasema sawa. Kadi ilikuwa mfukoni mwangu, kisanduku cha tatu cheupe.

Asubuhi iliyofuata, shule zikiwa zimefungwa, niliamka nikaandika kwenye karatasi sentensi zote nitakazosema, kwa sababu mimi huogopa simu hata ya kuagiza unga. Saa mbili kamili nikapiga namba iliyo chini ya kadi. Akapokea mwanamke.

"Rufaa? Rufaa hukatwa nusu saa baada ya mbio, na iko na ada yake." Akaitaja. Ilikuwa kubwa kuliko ada ya kuingia.

Karibu niseme asante nikate. Lakini karatasi yangu ilikuwa na sentensi moja zaidi, nikaisoma. "Basi naomba mnitumie kanuni zote kwa maandishi."

"Za mwaka gani?"

Hilo sikuwa nimeliandikia jibu. "Za jana," nikasema.

"Subiri kwa laini."

Muziki ukaanza. Nje nilimsikia Baba akimwagia gari maji, ndoo baada ya ndoo. Nilisubiri mpaka salio likaisha na simu ikakatika yenyewe. Mama alikuwa anawapa kuku chakula, simu yake kwenye pindo la leso. Nikatoka, nikamwomba, nikapiga tena.