Mwaka Mzima wa Kutamka Ng'ombe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama mbele ya darasa la watu wanane huko Ulaya, nimevaa koti la kuazima, nasubiri kukabidhiwa chaki. Miaka yangu ishirini na minne. Barua ya kuniita ilisema nakwenda kuwa msaidizi wa lugha katika chuo chao. Mimi nikasoma "chuo", hilo "msaidizi" nikaliruka. Hapa Kirongwe niliagwa kwa dua na pilau, kijana anakwenda kufundisha Wazungu!

Chaki sikupewa. Mwalimu wao, mama mmoja aliyejifunza Kiswahili vitabuni, alinionyesha kiti cha pembeni. "Sema ng'ombe," akaniambia. Nikasema ng'ombe. Wale wanane wakaniiga. "Asante. Kaa." Basi! Mwaka mzima, sema ng'ombe, kaa. Sema nyumba, kaa. Siku aliyowafundisha sentensi kombo nilifungua mdomo nisahihishe, akaninyooshea kidole ninyamaze. Mimi, niliyeacha hapa darasa la watoto sitini wakinisikiliza!

Lakini hasira yangu kubwa si ya yule mama. Ni ya mjomba wako huyu mpumbavu. Niliona haya kuandika ukweli. Nikaandika nyumbani kwamba nafundisha chuo kikuu na wananiheshimu mno. Wazee wetu hawakujua kusoma. Aliyewasomea barua zile alikuwa dada yangu, mama yako, ambaye ndiyo kwanza amepata nafasi chuo cha ualimu. Naye nikamwandikia: "Achana na chuo hicho, nisubiri, nitakuvuta huku." Astaghfirullah! Niliandika hayo nimekaa kwenye kiti kilekile cha pembeni.

Akasubiri. Nafasi yake ikapewa mwingine. Niliporudi na sanduku langu moja nikamweleza yote. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua hata kichwa.

"Kwa hiyo, kaka, muda wote ule nawasomea wazee, mwongo nilikuwa mimi?"

 Leo mama yako kiuno kimemwisha kwa kuinamia kilimo cha mwani badala ya kufundisha, nawe unashangaa kwa nini hacheki nikisimulia habari za Ulaya!

Sasa umeitwa wewe, kazi ileile. Nenda, sikuzuii. Ila kabla hujapanda ndege waulize: nitafundisha nini, saa ngapi kwa wiki, na nikiona kosa naruhusiwa kusema? Wakikuweka pembeni, waambie palepale kwamba hukuja kuwa kanda ya kuchezwa na kuzimwa. Na usithubutu kupiga picha ubaoni darasa likiwa tupu, ukaituma kwenye kundi la familia! Ukifika, wa kwanza kumpigia awe mama yako. Mwambie ulivyokuta, hata kama ni aibu tupu.

Mola akufikishe salama, akupe ulimi wa kweli, akurudishe mikononi mwa mama yako. Uongo aliokwisha kuusoma kwa sauti yake mwenyewe unamtosha. Amin.